Kiwango cha Chini

Saa nane za usiku, Juni, Mbeya.
Nje umande unakaribia kuganda juu ya mabati ya Sisimba.
Humu ndani mashine inapumua joto,
na bado nimevaa koti la mlinzi, Mwampamba,
linalonuka mkaa na karanga.

Nimeizima. Nimeiwasha.
Sasa haiharakishwi.
Kwanza inajitafuta: kichakataji cha kwanza, cha pili, cha tatu,
halafu inaanza kuhesabu kumbukumbu yake
kijiti kwa kijiti,
kama mtu aliyezinduka hospitalini
anavyopapasa vidole vyake chini ya shuka.
Dakika ishirini na mbili. Namba za kijani zinapanda.
Kwenye kijiti cha kumi na tatu zinasimama.

Zinasimama.

Kisha zinakiruka na kuendelea
bila hata kuaga.
Gigabaiti thelathini na mbili zimekufa
na jumla mpya haiwatoshi waliomo.

Mashine ni moja, ila ndani wanaishi wanne,
kila mmoja na ukuta wake, kila mmoja akidhani yuko peke yake:
MIZANI, anayepokea kilo za kahawa za Mlowo na Igamba;
MALIPO, anayelipa;
BARUA, mwenye maneno mengi;
na wa nne, SEKELA,
ambaye hakuna ofisini aliyewahi kuniambia kazi yake.

“Mfute huyo,” meneja amesema kwenye simu, sauti ya blanketi.
“Wakulima wanalipwa Jumatatu.”

Aliyempa jina namjua.
Ambakisye ndiye aliyezijenga kuta hizi, mwaka ule wa mgao wa umeme,
na kabla figo hazijamchukua aliniachia kauntabuku
lenye doa la chai kwenye ukurasa wa kugawa kumbukumbu:
“Kila chumba kina namba tatu.
Ya juu, asiivuke.
Ya kati, anayoiomba.
Ya chini, bila hiyo haamki kabisa.
Bana ya kati ukitaka, Tumpale, watanung’unika tu.
Ya chini usiiguse.”

Sekela ni bintiye. Yuko kidato cha tatu.

Basi nimemwamsha yeye kwanza, wenzake wakiwa bado gizani,
nimwone kabla sijamfuta.
Jina. Nenosiri. Ukimya.
Faili moja tu, linalokua mstari mmoja kwa siku:
tarehe, saa moja asubuhi, milimita.
Mvua ya Uyole, juu ya paa la nyumba yake,
kipimo alichokifunga kwa waya na laini ya simu.
Machi kumi na tisa, 41.2.
Aprili mbili, 63.0, siku ile barabara ilipokatika.
Siku ya msiba, 7.5, nakumbuka viatu vyetu.
Tangu Mei, sifuri. Sifuri. Sifuri.
Miaka mitatu hayupo,
na kuna mtu anaiwekea vocha laini ile
ili ituambie kwamba hakuna kitu.

Nimemlaza tena. Nimefungua jedwali la mgao.
MALIPO, vyote alivyoomba.
MIZANI, pungufu kidogo, msimu haujachanganya.
BARUA, nusu, na alalamike kwa maandishi kama kawaida yake.
SEKELA: ya juu mbili, ya kati mbili, ya chini mbili.
Jumla imelingana na kilichobaki hai.
Nimehifadhi. Nimesoma tena. Nimehifadhi tena.

Wanaamka mmoja mmoja.
MALIPO kwa kishindo cha feni.
MIZANI. BARUA.
SEKELA anachukua muda, kishale kinapepesa,
nami nimeshika kikombe kisicho na chai.

Kwa meneja nimeandika: kijiti kibovu, agizeni kingine,
malipo yako sawa.
Hakuuliza zaidi, sikuongeza.

Saa moja kamili. Mstari mpya.
0.0

Mwampamba yuko mlangoni anataka koti lake.