Chai Kumi na Moja

Zamani Onditi alipokea oda kwa sikio:
madondo mbili, chapo nne, ndengu bila pilipili!
Ikifika saa saba, mvuke wa sufuria
ulikuwa umemeza nusu ya meza.

Sasa karatasi inachomoka jikoni,
ulimi wa kinyonga.
Hakuna anayefoka.
Na jioni mashine inaniuliza bila haya:
chai kumi na moja zimekwenda wapi, Kavinya?

Kwa mlinzi wa soko la Kariokor, aliyekesha.
Kwa muuza soksi ambaye mvua ilimshinda.
Nyingine sikumbuki.

Nikampigia kijana aliyeiunganisha:
niongezee kitufe.
Kiitweje?
Nikatazama juu ya kaunta, kibao cha baba,
MKOPO NI KESHO.

Andika, nikamwambia: Kesho.