Nusu Punje

Julai, Uyole. Dirisha la maabara linatoka jasho
nami natafuna ngano, punje kumi na mbili,
kama tulivyotafuna Matamba tukichunga ndama:
tafuna, meza yale maziwa yake matamu,
tafuna, ila kinachobaki usimeze.
Kilichobaki ndiyo ilikuwa bigijii yetu,
ya kijivu, ya bure,
na mashindano yalikuwa kuivuta toka menoni
hadi mkono uishe.
Ya Ezekia Luvanda ilikatika kila siku.
Tulimcheka. Yeye alichuma kwa baba yake,
ng'ambo ya mfereji; sisi kwa mjomba.

Miaka thelathini. Sasa amesimama mlangoni,
sweta ya kijani, tope la Kitulo kwenye buti,
na habari ya magunia sita
yaliyorudishwa na Anyitike wa Mafiati:
"Mkate unaumuka vizuri tu. Ukifika tanurini
unalala kama mtu aliyesikia msiba."

Nakata kila punje kwa wembe.
Nusu isiyo na kiini naiponda, naiyeyusha,
naimimina kwenye jeli, nawasha umeme,
na protini zinaanza safari ya usiku,
nyepesi mbele, nzito zikikokota nyuma,
kila moja inachoka mahali pake.
Asubuhi nazivika bluu. Mistari.
Namwonyesha Ezekia: ungekuwa na tano na kumi,
donge lingekataa kuchanika,
lingeshika pumzi ya hamira
kama shavu la mpiga tarumbeta kanisani Bulongwa.
Yako yote ni mbili na kumi na mbili.

"Ni udongo?"
Si udongo.
"Mbolea nilichelewa."
Mbolea huongeza protini, haibadilishi uzao wake.
Namweleza nyasi tatu zilizooana bila mahari,
mbili kwanza, ya tatu baadaye,
pembeni ya shamba la mtu ambaye hakuona kitu,
na ngano ikabeba koo zote, jozi saba kila ukoo;
kwamba shida yake imekaa ukoo wa tatu,
kromosomu ya kwanza, mkono mrefu,
jeni mbili zilizobanana hivi,
hata mbegu ikiolewa Njombe zinahama pamoja.

Ananisikiliza kama mtu anayesomewa wosia.
Kisha anafungua mfuko wa rambo,
anatoa chapati, ya jana, imepoa.
"Mama hakuwahi kuoka mkate," anasema.
Naikunja. Haibishi. Inaisha mdomoni
kabla sijaamua kuitafuna.

Kwenye fomu kuna nafasi ya ugumu, ya mnyumbuko,
ya ujazo wa mkate. Naandika: dhaifu.
Kalamu inabaki hewani kidogo,
kisha naandika tarehe.

"Na hizi?"
Nusu zenye kiini, zimejipanga kwenye kisahani,
kila moja na namba yake.
"Zitaota?"
Zitaota.
Anazihesabu kwa kidole kilichopasuka kwa baridi,
kumi na tisa, anaomba kiberiti changu,
anamwaga njiti mezani,
anazilaza humo moja moja.
Namba zinabaki kwenye kisahani.