Kadi za Mtihani wa Alhamisi

Nimezibandika kwenye mlango wa friji,
kadi za njano, neno moja kila kadi, maana nyuma.
Mwalimu Bruzzone kasema: karirini, lakini muwe na mifano;
maana bila mfano ni koti kwenye hanga.
Mimi nina miaka hamsini na miwili.
Mchana nashona mapazia ya watu hapa Rosario,
usiku naketi na vijana wanaoandika kwa vidole gumba.

KICHOCHEO: chochote kigusacho hisi na kudai jibu.
Breki za basi, saa moja na robo jioni.
MWITIKO: jibu lenyewe.
Bicho anaacha mfupa, anainua sikio zima
(lile jingine lilichanwa na paka wa Ofelia),
anakwenda kusimama mlangoni.
Basi halijui. Anajua baada ya breki huja buti,
baada ya buti mkono unaonuka grisi,
na mkononi, ncha ya soseji.
Huko ndiko KUZOESHWA. Nilielewa upesi.
Darasa zima lilicheka nilipotaja jina la mbwa.

UTAMBUZI: akili kukipa maana
kile ambacho macho yamekileta tu.
Macho yalileta koti la buluu kwenye foleni ya benki.
Akili ndiyo iliyosema: Evaristo.
Akili ndiyo iliyovuka barabara taa ikiwa nyekundu
ikamshika mgeni kiwiko.

UHAMISHO WA HASIRA.
Nilimfokea muuza mayai kwa yai moja lenye ufa,
nikamfuata hadi ngazini, nikamfokea tena.
Si yeye aliyekwenda Neuquén kwenye visima vya mafuta.
Si yeye aliyesema, wiki sita tu, Nélida.

UKANAJI.
Kadi hii sikuiandikia mfano.
Niliisoma, nikainuka kuosha vikombe,
viwili,
ingawa kimoja kilikuwa kikavu.

KUZIMIKA: kichocheo kikija mara nyingi bila tuzo
mwitiko hufifia, mithili ya jiko lisilotiwa kuni.
Jumanne moja ya Juni, madirisha yamejaa ukungu,
breki zikalia.
Bicho akafungua jicho moja. Akalifumba.
Mimi nilikuwa nimekwisha simama,
pini mdomoni, pazia la mtu likiburuta sakafuni.
Nikaona haya mbele ya mbwa.

Swali la nne: Eleza kuzimika. Toa mfano.
Niliandika mistari mitatu kuhusu Bicho.
Yangu sikuyaandika; swali lilikuwa la alama mbili.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu pembeni:
Sahihi. Ila kilichozimika hakijafutika.
Soma ukurasa unaofuata.

Nikausoma jikoni, nimesimama.
KUREJEA KWA GHAFLA: mwitiko uliokwisha kufa
huamka siku moja, baada ya kimya, bila kuitwa.
Haudumu, kinasema kitabu.

Jana ilinyesha. Saa moja na robo, breki.
Bicho akaondoka chini ya cherehani,
akaenda mlangoni, mkia ukipiga ukuta,
pa, pa, pa.
Sikumwita arudi.
Nilikata ncha ya soseji, nikafungua mlango, baridi ikaingia,
nikampa palepale kizingitini.

Mwalimu Bruzzone angesema nimeharibu jaribio.
Na tulikaa pale kidogo, mlango wazi,
yeye akitafuna,
mimi nikitazama basi likikata kona.