Mbuni

Faili la kwanza niliita BANGO.
La pili, BANGO MWISHO.
La tisa, BANGO MWISHO KABISA.
La kumi na saba, saa nane na robo usiku,
nililiita BANGO MUNGU NISAIDIE.

Mtaa wa Kiusa umelala.
Printa ya Shirima, chumba cha pili, imelala.
Hata mlinzi kajikunyata ndani ya koti
kama hindi ndani ya maganda.
Niliye macho ni mimi na kipanya,
naisogeza R kushoto, unene wa unywele,
kisha kulia, nusu unywele,
kisha pale pale ilipokuwa.

Mwezi wa tatu huu macho yana mchanga.
Tonge la ugali nalipima pembe.
Harusini kwa binamu, Kibosho, watu wanashangilia,
mimi nimeinamia kadi:
nafasi kati ya Bwana na Bibi imezidi,
imezidi, nani kaipitisha?
Niliipitisha mimi.
Pilau ikapoa mbele yangu.

Apolonia alishuka kutoka Uru na picha moja
ndani ya kitabu cha sala:
kaka yake, Melkiori, wa kuzikwa Alhamisi.
"Nitengenezee bango la msiba. Liwe zuri."
Liwe zuri, alisema.
Mimi nikasikia: lisiwe na kosa.

Basi nikakesha na marehemu.
Jicho la kushoto, lililosinzia, nikalifumbua;
nililiazima kulia, nikaligeuza.
Kovu la kidevuni nikalifuta.
Kola nikainyoosha, meno nikayang'arisha,
na nyuma yake nikamsimamishia Kibo,
theluji tele, ile ya zamani, bila wingu.
Alfajiri mkono ulikuwa unatetemeka.
Nikaukalia.
Nikasema: sasa.

Apolonia alitazama.
Akasogea karibu. Akarudi nyuma.
Akauliza kwa adabu,
kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo:
"Huyu nani?"

Nikaanza kumweleza habari za mwanga.
"Jicho lile," akasema, "lilipigwa na tawi la mbuni.
Tulikuwa watoto, tunachuma. Mimi mbele, yeye nyuma.
Tawi niliachia mimi.
Miaka hamsini ananikonyeza nalo.
Nirudishie."

Nikabonyeza rudisha.
Theluji ikayeyuka.
Rudisha. Meno yakapata tena moshi wa sigara.
Rudisha, rudisha, kola ikapinda,
kovu likarudi kwao.
Mara mia na nne, na mwisho kabisa
jicho likasinzia,
na Apolonia akacheka, au alilia kwanza,
sikumbuki kilichotangulia.

Bango likatoka na mchirizi wa wino pembeni;
printa ya Shirima ina ugonjwa wake.
Nilinyoosha mkono kulizuia.
Alishalikunja, yuko mlangoni.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, nilipanda Uru.
Sikuwa na kazi huko.
Kompyuta niliiacha imezimwa, imefunikwa kanga.
Shambani kwa Melkiori, kwenye tawi moja,
buni nyekundu, buni za kijani,
na moja nyeusi iliyokaukia pale pale.
Hazingojani.
Kando, mti mmoja umekatwa hadi kisiki.

"Umekufa?"
"Umechoka," akasema Apolonia.
"Ulizaa mno. Sasa tumeukata,
na hatuudai kitu mpaka utakapoamua wenyewe."
Akaingia ndani kuchemsha maji.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mbuni kando ya mbuni.
Sisimizi akapanda goti langu kwa njia iliyopinda,
akapotea, akarudi, akapinda tena.
Sikuinyoosha.