Kabange Bila Kyungu

Shuka lilikuwa la nyanya,
shuka la arusi, upindo mwekundu pembeni,
na kila Jumamosi lilitundikwa kati ya nguzo mbili
kambini Lubumbashi, upande wa bomba la kiwanda,
ili Wazungu wasio na sauti waje walie juu yake.

Babu Mwilambwe alizungusha mkono wa mashine,
na kwa kuwa picha ilikuwa bubu
yeye ndiye aliyekuwa kinywa cha wote:
sauti nene ya mume, nyembamba ya mke,
mbwa, mlango, mvua.
Watoto walijazana juu ya kichuguu.
Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka
wakaona kila mtu akitumia mkono wa kushoto.

Filamu ilikuwa moja tu, imeungwaungwa kwa gundi.
Mama ana watoto wawili kitandani,
jiko limezimika.
Bwana mwenye kofia ndefu anaweka pochi mezani
na kuondoka na mmoja ndani ya koti.
Hapo mama anafungua kinywa,
kinywa kizima, hadi meno ya nyuma,
na hapo, kila Jumamosi, babu alinyamaza.

“Sema, Mwilambwe! Mama anasema nini?”
Krrr, krrr, mashine tu.
Maandishi meupe yalikuja gizani, yakapita.
Hakuna aliyejua kuyasoma ila yeye.

Baba yangu anaitwa Kabange.
Anayejua majina yetu ataniuliza papo hapo:
Kyungu yuko wapi?
Kabange ni pacha wa pili, hazaliwi peke yake.
Sisi tuliambiwa ni jina la kurithi,
tukakua hivyo, tukila ugali wetu.

Nyanya aliniambia akiwa anafua, kanipa mgongo,
povu hadi viwikoni:
karani mkuu hakuwa na mtoto,
treni ya Bukama iliondoka alfajiri,
na wiki iliyofuata babu yako akapewa mashine.
“Shuka nililitoa mimi,” akasema.
“Nilitaka alitazame.”

Babu alipougua, ulimi ulikufa kwanza.
Mkono wa kulia ukabaki hai, ukizunguka
juu ya blanketi, mchana na usiku,
nasi tukadhani ni homa.
Jioni ya mwisho ukaanza kuzunguka kinyume.
Nikamwona yule bwana akirudi kisogo mbele,
koti likifunguka,
pochi ikiruka kutoka mezani kuingia mfukoni,
na kinywa cha mama kikifumba polepole.

Nyanya alikuwa nje, anaanua nguo.
Sikumwita.