Wewe ya Pili

Kwetu Kecskemét tuna "wewe" mbili.
Ya kwanza ni ya jikoni na kitandani,
ya mbwa, ya mtoto, ya Mungu pia,
maana Mungu tunamsemesha kama ndugu wa chumba kimoja.
Ya pili ni ya benki, ya daktari wa meno,
ya mgeni aliyekukanyaga kwenye basi.
Hiyo ya pili ina ufundi wake:
inakutazama machoni
huku ikikutaja kama mtu aliyekwisha ondoka.

Baba alimhamisha shangazi Piroska
kutoka ya kwanza hadi ya pili
Jumanne moja ya Julai, saa nane mchana,
joto limepita digrii thelathini na nane,
aprikoti zinatokota katika sufuria ya shaba ya bibi,
na bibi mwenyewe hajatimiza mwezi kaburini.

Ubishi ulikuwa wa nyumba. Nyumba, halafu bustani,
halafu nani alimwosha mama miguu, nani alituma kadi tu.
Shangazi alipiga kelele. Sukari imemganda hadi viwikoni,
nyigu wanamzunguka, naye hawafukuzi.
Baba hakupiga kelele.
Laiti angepiga!
Alikunja leso pembe kwa pembe,
akamsahihishia tarehe,
akatazama saa ya ukutani ambayo sote tulijua imekufa,
kisha akasema, taratibu, kama anayesoma bei:
"Bi Piroska amemaliza? Au bado ana la kuongeza?"

Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika mwiko.
Shangazi aligeuka, akatazama nyuma yake,
kuona huyo Bi Piroska ameingia saa ngapi.

Husemwa maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.
Ya baba yalikuwa mazuri yote, yamepigwa pasi,
na nyoka hakutoka. Alitandikiwa shuka.

Jemu iliungua. Hakuna aliyezima moto,
kila mmoja akiona kuzima ni kukubali.
Doa jeusi likabaki chini ya sufuria,
na sufuria ikabaki kwangu,
kwa kuwa wao wawili hakuna aliyejishusha kuiomba.

Miaka kumi na tisa.
Kila Pasaka meza moja, kitambaa kimoja:
"Bwana Dezső atahitaji chumvi?"
"Bi Piroska asijisumbue."
Nami katikati, kidau cha chumvi mkononi,
tarishi wa nchi mbili zisizo na ubalozi.
Wageni walisema: familia hii ina adabu!

Novemba baba alilazwa. Ini.
Shangazi alikuja kwa treni, supu ndani ya chupa ya chai,
koti hakulivua.
Nilitoka, nikauacha mlango na upenyo.
Nilikuwa naingoja ile ya kwanza.
Nilidhani kifo hulegeza sarufi.

"Bi Piroska ameota mvi," baba akasema.
"Bwana Dezső ameota mifupa."
Kimya. Kisha kitu kama kikohozi.
Nikachungulia: walikuwa wanacheka,
hawatazamani, macho yote dirishani
kwenye maegesho ya magari yaliyolowa,
mabega yanatikisika kama ya watoto kanisani.
Akachota supu, akaipuliza.
"Bwana afungue kinywa."
Akafungua.

Tangu hapo sijui neno lile niliweke wapi.
Walilitumia vibaya muda mrefu mno
hata likaacha kuwa la benki,
likawa kama kiatu cha kuazima
ambacho mwenyewe hakurudi kukidai.
Wangelirudisha vipi?
Hakuna mwingine duniani aliyemwita baba hivyo
na akamfuta kidevu.

Makaburini upepo ulikuwa mkali, padri ana haraka.
Shangazi aliinama juu ya shimo
akamsemesha kwa ile ya kwanza, ya jikoni, ya mbwa, ya Mungu.
Niliisikia wazi.
Ilisikika ngeni,
kama mtu aliyekosea jina.