Duara la Lita Sitini

Jumamosi, saa moja asubuhi, jikoni.
Otakar anatandaza ramani juu ya makombo ya mkate,
anachoma ncha ya bikari pale tulipo
na kuzungusha duara: lita sitini,
kwenda, kurudi, na nusu saa ya akiba
kwa mambo ambayo hatuyataji kabla ya chai.
"Humu ndani," anasema, "dunia ni yetu. Chagua."

Juma lililopita tulichagua supu ya utumbo:
uwanja wa nyasi kando ya mashamba ya hopi,
wapishi wawili, mbwa watano,
na mhudumu anayekuuliza umetua vipi
kabla hajakuuliza utakula nini.
Zamu ilikuwa yangu. Nilidunda mara tatu.
Akaniletea vijiko vitatu.

Juma la kabla yake, kasri lenye paa la shaba,
ila kasri lilikuwa kilomita tisa kutoka uwanjani
na baiskeli ya kuazima ilikuwa moja.
La kabla ya hapo silikumbuki.
Otakar analikumbuka, ameandika daftarini:
*Keki ya plamu. Upepo wa ubavuni. Vlasta alicheka.*

Mtembezi hula miguu yake.
Sisi twala mabawa,
na bawa, kwa bei ya petroli ya mwaka huu,
ni nyama ghali.
Dada yangu Bohdana hanielewi:
"Mnaruka saa nzima kufuata andazi,
na tanuri la mikate liko chini ya dirisha lenu?"
Kweli liko. Nalinusa kila alfajiri.
Lakini mkate wa chini ya dirisha
haujui kuwa nimetoka mbali.

Leo naweka kidole ukingoni kabisa mwa duara,
kwenye kialama kidogo kama kinyesi cha nzi.
Hakina mgahawa. Hakina petroli. Hakina mnara.
"Kuna nini huko?"
"Sijui."
Otakar ananitazama kwa muda,
kisha anakunja ramani.

Futi elfu mbili juu ya Bohemia
ng'ombe ni punje za choroko zilizomwagika,
kanisa ni pini aliyoisahau fundi cherehani,
na kivuli chetu kinaruka ua za watu bila hodi,
kinapita juu ya mwanamke anayeanika shuka.
Anainua mkono.
Sijui anatupungia au anajikinga jua.
Nampungia.

Halafu nyasi. Zimekatwa juzi, zinanukia,
zimenyooka kama njia ya nywele
kichwani mwa mtoto wa shule.
Soksi ya upepo imeshonwa kwa shati la kale,
vifungo bado vipo.
Natua. Mdundo mmoja, na huo mdogo.

Mzee anatoka bandani akifuta mikono.
Jina lake Hynek. Hana ndege, hajawahi kuwa nayo.
Hukata nyasi hizi kila Ijumaa.
"Kwa ajili ya nani?"
Anashangaa swali.
"Huenda mtu akaja."

Anatupa cheri ndani ya kofia yake.
Tunakula tumekaa juu ya bawa la kivuli,
tunatema kokwa, tunashindana nani atafika mbali.
Hynek anatushinda wote wawili, bila huruma.
Kisha analeta kitabu cha wageni:
mgeni wa mwisho, miaka minne iliyopita,
wino umekuwa rangi ya chai.
Kalamu hana. Otakar anayo.

Jioni, jikoni, makombo yale yale.
Otakar anafungua daftari, anajipapasa
mfuko wa shati, wa koti, wa suruali.
Ananitazama.
Namwambia kalamu iko kule,
juu ya ukurasa ule, chini ya majina yetu,
mahali nilipoiweka.